Nyimbo za bure zinawaumiza wasioweza kupanda jukwaani

Vijana wa kijiwe cha bodaboda karibu na kwangu Temeke wana jibu moja kila ninapowauliza nyimbo zilizomo kwenye spika zao wamezipata wapi na wamemlipa nani. "Mzee, hawa jamaa wana magari na majumba. Wimbo mmoja utawapunguzia nini?" Hawasemi kwa jeuri. Wananiheshimu, wananipisha kwenye benchi, na wanajua ujana wangu wote nimeumaliza nikipiga gitaa la besi kwenye bendi za dansi za jiji hili. Ila jibu hilo nimelisikia pia kwa mwalimu, kwa mwenye duka la dawa, kwa mzee wa kanisa na kwa ofisa wa benki. Na kwa kuwa linasemwa na watu waungwana, linastahili kujibiwa kwa uungwana na kwa kirefu.

Ni kweli, staa mkubwa wa leo hafi njaa kwa sababu wewe umepakua wimbo wake bila kulipa. Ana shoo Mwanza, ana shoo Nairobi, ana mikataba ya matangazo, ana wafuasi mitandaoni ambao wenyewe ni mtaji. Kwake wimbo ukienea bure ni hasara anayoweza kuifidia kwingine. Lakini wimbo hautengenezwi na staa peke yake. Yupo aliyetunga mashairi, na mara nyingi siye anayeimba. Yupo prodyuza aliyekesha na biti. Yupo mpiga gitaa aliyeitwa usiku akaweka solo ambayo wewe ndiyo unayoipigia mluzi, wapo mabinti wawili waliosimama mbele ya kipaza sauti wakaitikia kiitikio. Mimi nimekuwa mmoja wa watu hao. Unafika studio, unasikilizishwa wimbo, unatafuta ufunguo, unapiga, unapewa posho ya siku, unarudi nyumbani kwa daladala. Hakuna anayekuita kwenye shoo kwa ajili ya ile besi. Kama kuna fungu lolote litakalokufikia baada ya siku ile, litatoka kwenye mauzo na matumizi halali ya wimbo wenyewe. Hakuna mlango mwingine.

Sasa ongeza mtu mmoja zaidi, ambaye ndiye hasa aliyenifanya nishike kalamu: mtunzi aliyekwisha kufa, na mjane wake.

Rafiki yangu mmoja, ambaye jina lake familia imeniomba nisiliandike, alitunga wimbo wa dansi ambao hadi leo hauwezi kukosekana kwenye sherehe ya harusi pwani hii. Bibi harusi akiingia ukumbini, unapigwa. Wazazi wakiitwa kutoa zawadi, unapigwa tena. Alifariki miaka mingi iliyopita. Mkewe anakaanga vitumbua Mbagala, anaamka saa 10 alfajiri, na wimbo wa mumewe unampitia barabarani kila siku kwenye bajaji. Siku moja nilimsindikiza hadi kwenye kibanda cha kujaza nyimbo kilicho hatua chache kutoka alipo. Kijana wa pale ana kompyuta ndogo, ana kifaa cha kusomea memori kadi, na kipande cha boksi ukutani kimeandikwa kwa kalamu nene: nyimbo 20, shilingi 1,000. Ndani ya kompyuta nyimbo zimepangwa vizuri kabisa, mafaili ya taarabu, ya injili, ya singeli, ya zilipendwa. Tukamtajia wimbo tunaoutaka, akaupata mara moja.

Nikamwomba anionyeshe jina la faili. Jina la wimbo lilikuwa limekosewa. Bendi iliyotajwa siyo iliyourekodi. Jina la mtunzi halikuwapo. Na mwishoni kabisa, kwa herufi kubwa, lilibandikwa jina la tovuti iliyoupakia. Nikamuuliza kijana, mtunzi wa wimbo huu ni nani? Akajibu kwa adabu, bila kujua aliyesimama kando yangu ni nani: "Huo wa zamani, mzee. Hauna mwenyewe."

Mjane hakusema kitu. Alilipa, akachukua kadi yake.

Nimelifikiria sana jawabu lile, na nimeona kwamba ubaya wa muziki usiolipiwa si shilingi 50 tu zilizopotea kwenye wimbo mmoja. Nakala ya kibandani haihesabiwi popote. Haiandikwi kwenye daftari lolote. Wimbo ukisikilizwa au kupakuliwa kwenye jukwaa halali, hata kama malipo ni kidogo, na ni kidogo kweli, inabaki kumbukumbu: wimbo fulani, wa fulani, umechezwa mara kadhaa, katika nchi fulani. Mirabaha hugawiwa kwa kumbukumbu za namna hiyo. Asiye na hesabu hana fungu. Kwa hiyo nyimbo za zilipendwa, ambazo zinapigwa kuliko nyimbo nyingi za mwaka huu, kwenye hesabu zinaonekana kama hazipigwi kabisa, kwa sababu karibu zote zinazunguka kwa kadi, kwa flashi na kwa kurushiana simu kwa simu. Anayerusha hajui kwamba pamoja na kumnyima mjane hela ya leo, anamfutia pia ushahidi wa kudai hela ya kesho.

Wazee wa dansi walianza kufutwa zamani, na haki inataka niseme kwamba hawakufutwa na vijana wa vibandani. Bendi nyingi kubwa za Tanzania zilikuwa mali ya taasisi. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ilikuwa ya Umoja wa Vijana. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo. Vyombo vilikuwa vya mwajiri, mshahara ulitoka kwa mwajiri, na nyimbo zilirekodiwa Redio Tanzania Dar es Salaam, kisha zikapigwa hewani miaka nenda miaka rudi. Nchi haikuwa na kiwanda cha kufyatua sahani za santuri. Waliotaka santuri walifunga safari kwenda Nairobi. Kaseti zilipoingia, kila mwenye redio ya kurekodia akawa msambazaji. Mtangazaji alitaja jina la bendi na jina la wimbo. Mtunzi alitajwa mara chache sana. Sisi wenyewe, tukiwa vijana wenye afya na kazi, hatukuliona hilo kuwa jambo.

Matokeo yake tumeyaona. Mzee Muhiddin Gurumo alikuwapo NUTA tangu mwanzo, alikuwapo Mlimani Park ilipoundwa mwaka 1978, na aliimba kwenye bendi ya Msondo mpaka uzeeni. Sauti yake ilijulikana na kila mtu aliyekuwa na redio. Mwaka 2013, alipokuwa anastaafu, alipata gari kwa kupewa zawadi na Diamond Platnumz, kijana wa muziki wa kizazi kingine. Ilikuwa zawadi ya heshima na nilimpenda Diamond kwa moyo ule. Lakini tujiulize: mtu aliyeliimbia taifa kwa nusu karne, kwa nini gari lake lisitoke kwenye nyimbo zake? Alifariki Aprili 2014. Wangapi wengine waliondoka bila hata zawadi?

Kuhusu sheria, kuna mambo ambayo kijana yule wa kibandani hakuambiwa na mtu.

La kwanza, wimbo wa zamani una mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi ya mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Mwanamuziki Marijani Rajab alifariki mwaka 1995. Tungo zake zinalindwa hadi mwaka 2045. Warithi wanazo haki. Zaidi ya fedha, sheria inampa mtunzi haki ya kutajwa kuwa ndiye mtunzi. Tovuti inayofuta jina lake na kubandika la kwake inavunja haki mbili kwa mkupuo.

La pili, sheria inatofautisha anayesikiliza na anayefanya biashara. Upo mwanya kwa mtu kujinakilia kazi iliyokwisha kutolewa kihalali kwa matumizi yake binafsi. Wapo wanaousikia mwanya huo wakafurahi, wakadhani unafunika kila kitu. Mimi nausoma hivi: unamhusu aliyenunua albamu akajinakilia ya kusikiliza garini. Haumhusu mwenye kibanda anayeuza nyimbo 20 kwa shilingi 1,000, haumhusu mwenye tovuti anayepakia nyimbo za watu ili apate matangazo, wala DJ anayeuza mchanganyiko wake sokoni, wala mwenye baa. Hawa wanafanya biashara. Sheria ilipotungwa, kosa la kibiashara kwa mara ya kwanza liliwekewa faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Kwa anayerudia, faini isiyozidi milioni 10 au kifungo kisichozidi miaka 5. Kwa kijana mwenye kompyuta moja na kipande cha boksi, hayo ni maisha yake yote yamekwenda.

La tatu, mwenye haki anaweza kwenda mahakamani kudai fidia. Mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamua kwamba kampuni moja ya simu iwalipe wanamuziki AY na MwanaFA zaidi ya shilingi bilioni 2 kwa kutumia nyimbo zao "Usije Mjini" na "Dakika Moja" kama miito ya simu bila ridhaa. Kampuni ilikata rufaa na shauri likapanda ngazi za juu, lakini kwa siku ile wanamuziki wote tulielewa kitu: wimbo ni mali ambayo hakimu anaweza kuitajia bei. MwanaFA mwenyewe, Hamis Mwinjuma, mwaka 2023 akateuliwa Naibu Waziri wa wizara inayosimamia sanaa. Mwaka huohuo Nairobi, rapa Nonini alishinda kesi na kupewa fidia ya shilingi milioni 1 za Kenya kwa wimbo wake uliotumika kwenye tangazo bila idhini. Mahakama zetu haziko kimya. Ila sisi wenye haki ni wachache tunaojua njia ya kufika huko, na mjane wa Mbagala hawezi kumlipa wakili.

Sitaki lakini mtu anielewe kwamba naomba polisi wapite mitaani kukagua simu za watu. Marekani walijaribu kitu kinachofanana na hicho na nimekifuatilia kwa makini. Napster ilipoanza mwaka 1999, watu walibadilishana nyimbo kwa mamilioni. Mahakama ikawabana, na mwaka 2001 wakafunga. Miaka miwili baadaye chama cha kampuni za kurekodi kikageukia wasikilizaji wenyewe na kuwashitaki kwa maelfu. Mama mmoja wa jimbo la Minnesota alikutwa amevunja hakimiliki ya nyimbo 24. Mwaka 2007 baraza la mahakama likaamua alipe dola 222,000, sawa na dola 9,250 kwa kila wimbo. Kesi ikarudiwa mwaka 2009, hukumu ikapanda hadi dola milioni 1.92, na mwishowe, mwaka 2012, mahakama ya rufaa ikarudisha zile 222,000. Mwanafunzi mmoja aliamriwa alipe dola 675,000 kwa nyimbo 30.

Mpaka hapo unatarajia wizi uwe umeisha. Haukuisha. Mwishoni mwa 2008 chama kile kilitangaza kwamba kinaacha kuwashitaki watu mmojammoja kwa mtindo ule. Watu walianza kulipa pale walipowekewa njia rahisi ya kulipa: duka la iTunes lilifunguliwa mwaka 2003 likiuza wimbo kwa senti 99, kisha zikaja huduma za kusikiliza kwa ada ya mwezi. Mimi ni mwanamuziki na naumia nikiibiwa, lakini hukumu ya kumfilisi mama kwa nyimbo 24 siwezi kuiita haki. Adhabu iliyopita kiasi inamfanya mwizi aonekane mwonewa, na aliyeibiwa anasahaulika.

Kwetu njia rahisi zimekwisha kuwapo, na hapa ndipo nageuka kwa msomaji. Boomplay ipo, Spotify iliingia kwetu mwaka 2021, Audiomack ipo. Mdundo, iliyoanzia Nairobi, inakuruhusu upakue wimbo bila kulipa hata senti, kwa sababu matangazo ndiyo yanayolipa na msanii anapata fungu lake. Yaani hata usiye na hela ya kununua wimbo unaweza kuupata bure bila kumdhulumu mtu. Najua habari ya bando. Najua kijana anayeshinda juani akisubiri abiria hawezi kusikiliza mtandaoni kutwa nzima. Lakini kupakua mara moja kutoka mahali halali kunakula bando lilelile la kupakua kutoka mahali haramu, na mara nyingi bila yale matangazo ya aibu yanayokurukia usoni.

Na niseme na ndugu zangu waumini, kwa sababu nyimbo za injili zinanakiliwa kuliko zote. Kwaya inachangishana mwaka mzima. Akina mama wanatoa hela ya vikoba, wanashona sare, wanamlipa mpiga kinanda, wanakodi basi kwenda kupiga video, wanatoka studio na deni. Siku ya uzinduzi watu wanapiga makofi na kumsifu Mungu. Jumapili inayofuata waumini walewale wanarushiana albamu nzima kwenye ngazi za kanisa, mmoja ameinunua na wengine wote wamesimama kuipokea. Nimeuliza mara nyingi na nimejibiwa kwamba neno la Mungu haliuzwi. Sawa. Lakini kinanda kiliuzwa, na studio ilitoza. Nani alipe deni la kwaya? Dhuluma haigeuki sadaka kwa sababu imefanyika uwanjani mwa kanisa, na Waislamu wenzangu tunaorushiana kaswida tujihesabu humohumo.

Serikali nayo ina sehemu yake. Mwaka 2022 COSOTA ilibadilishwa kutoka chama kuwa Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, na kazi ya kukusanya na kugawa mirabaha ikafunguliwa kwa makampuni ya wenye haki wenyewe. Imeanzishwa pia tozo ya hakimiliki kwenye vifaa vya kunakili na kuhifadhi kazi. Naiunga mkono tozo hiyo kwa moyo wote, kwa sababu inakubali ukweli kwamba watu watanakili tu, na inachukua kidogo mapema kwenye kifaa badala ya kumkimbiza mtu baadaye na pingu. Ila tozo ikishakusanywa lazima igawiwe, na kugawa kunahitaji orodha ya nani alitunga nini. Bila orodha, fedha zitakwenda kwa wanaojulikana tayari, na wazee wa dansi na taarabu watakosa mara ya pili.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Wenye vibanda wasifukuzwe; wasajiliwe, walipe ada ya leseni kama baa na hoteli zinavyopaswa kulipa, na wauze nyimbo zenye majina sahihi. Kijana yule wa Mbagala anajua soko la zilipendwa kuliko ofisa yeyote. Anajua wimbo gani unaulizwa kila wiki na gani haujaulizwa tangu mwaka juzi. Apewe mfumo wa kuandika anachouza, awe karani wa hesabu tunayoikosa. Naamini atakubali, maana nilipomweleza mwisho wa mazungumzo kwamba mama aliyekuwa anampa elfu moja ni mjane wa mtunzi, alisimama, akamrudishia hela yake, akamwamkia upya.

La pili ni la haraka zaidi. Kanda za Redio Tanzania ziko TBC. Ofisi ya Hakimiliki ikae na TBC, iwaite wazee waliokuwapo studio, wimbo mmoja baada ya mwingine uchezwe mbele yao, na kila mmoja aseme nani alitunga, nani aliimba, nani alipiga solo, nani alipuliza tarumbeta. Iandikwe, itangazwe, mwenye pingamizi apinge, kisha warithi watafutwe. Kazi hiyo haihitaji sheria mpya wala mtaalamu kutoka nje. Inahitaji chai, viti na mtu wa kuandika. Wengi tumekwisha kuwazika. Waliobaki wako Temeke, Magomeni, Morogoro na Tanga, kumbukumbu zao bado ni nzima, na namba zao za simu tunazo.